Kitovu: kikatwe papo hapo au kingojewe?

Wengi wetu tunakijua kitovu kikishakauka: kijiti cheusi tumboni mwa mwana siku ya tano, bibi akikichungulia kila asubuhi kuona kama kimedondoka. Kitovu cha dakika ya kwanza ni kitu kingine kabisa. Ni kinene kama kidole, cheupe cha kuelekea ubuluu, kimejisokota kama kamba ya jahazi, na ukikishika kinapiga. Kinapiga kwa moyo wa mwana. Zikipita dakika chache mapigo hufifia, kamba husinyaa, ikawa nyeupe na tepetepe kama utambi uliolowa maji. Swali la kukata au kungoja ni la dakika hizo chache tu, na likishajibiwa kwa kibanio halirudiwi.

Nimezaa mara mbili hapa Amu (Lamu), na bila kupanga nimeonja yote mawili. Mwana wa kwanza alikatwa kitovu kabla sijaambiwa ni wa kiume au wa kike. Nilisikia kibanio, tak, kisha mkasi, kisha mwana yuko kwenye meza upande wa pili wa chumba na mimi natazama mgongo wa sista. Wa pili alitoka alfajiri. Aliwekwa kifuani kwangu akiwa bado ana majimaji, kamba ikiteremka kutoka tumboni mwake, na misikiti ikaanza kuadhini mmoja baada ya mwingine kama ilivyo desturi ya mji wetu. Sista aliweka vidole viwili kwenye kitovu, akatazama saa ya ukutani, akanyamaza. Adhana ya msikiti wa jirani ilipokwisha, hata mkasi alikuwa bado hajaushika.

Sasa wifi yangu ana mimba ya miezi saba, yuko Kizingitini, kisiwa cha Pate, na juzi amenitumia sauti kwenye simu: "Wifi, mimi nimwambie sista akate au angoje?" Jibu fupi ni hili: mwana akitoka analia, na wewe hutokwi na damu ya kutisha, angoje. Lakini wifi si mtu wa kuridhika na jibu fupi, na najua hayuko peke yake, kwa hivyo hili hapa refu lake.

Tunalinganisha nini hasa

Kukata mapema ni kabla ya dakika moja kutimia. Mara nyingi ni katika sekunde kumi au kumi na tano za mwanzo. Kungoja, kwa maelekezo ya Shirika la Afya Duniani, ni kutobana kitovu kabla ya dakika moja, na muda unaotajwa ni baina ya dakika moja na tatu. Wakunga wengine hawatazami saa, hushika kitovu: kikiacha kupiga, hukibana. Uingereza, tangu mwaka 2014, maelekezo yao yanasema kisibanwe kabla ya dakika moja wala kisipite dakika tano. Hakuna anayezungumzia nusu saa. Nalisema hili kwa sababu wapo wanaosikia "kungoja" wakadhani mwana atakaa amefungwa na zalio (kondo la nyuma) mpaka adhuhuri.

Damu ni ya nani

Mavyaa wangu, Mungu amzidishie umri, alipinga. "Damu ya kwenye zalio ni uchafu wako wewe, mwanangu, unamrudishiaje mtoto?" Si yeye tu, nimeyasikia hayo mitaa ya Langoni na Mkomani pia, na ndiyo hoja inayowarudisha nyuma wengi, basi tuitazame kwa utulivu.

Damu inayokwenda na kurudi ndani ya kitovu ni ya mwana mwenyewe. Ya mama inapita upande wake wa zalio, ya mwana upande wake, na baina yao kuna utando mwembamba unaopitisha hewa na chakula bila damu zenyewe kuchanganyika. Ndani ya kitovu mna mishipa mitatu: miwili inatoa damu ya mwana kuipeleka kwenye zalio, mmoja unairudisha. Kwa hivyo mwana anapozaliwa, kiasi cha theluthi moja ya damu yake bado iko nje, ndani ya zalio, iko njiani kurudi. Ukibana sekunde ya kumi, umemfungia mlango.

Ukingoja, hupokea kama mililita 80 katika dakika ya kwanza, na hufikia mililita 100 hivi dakika ya tatu. Chukua kile kikombe kidogo kisicho na mkono cha muuza kahawa chungu, kijaze, kisha ongeza tone. Kwa mtu mzima si kitu. Kwa mwana wa kilo tatu, ambaye damu yake yote mwilini ni kama mililita 240, ni mali nyingi.

Nilipomweleza mavyaa hivi, hakusema nimeshinda. Alisema tu kwamba hata mama yake, aliyekuwa akizalisha majumbani, hakuwa akikata mpaka zalio litoke, "lakini yeye alikuwa na sababu zake." Sababu zipi, hakuniambia.

Anachobaki nacho mwana: chuma

Faida kubwa ya kungoja haionekani siku ile. Mwana aliyekatwa mapema na aliyengojewa watalia sawa, watanyonya sawa, na jirani akija na uji hatajua yupi ni yupi. Tofauti iko kwenye akiba ya madini ya chuma. Damu ile ya ziada inampa mwana miligramu 40 hadi 50 za chuma kwa kila kilo ya uzito wake. Maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana chuma kidogo sana. Miezi sita ya kwanza mwana anakula akiba aliyozaliwa nayo. Ikiisha mapema, ubongo unakua ukiwa na njaa ya madini hayo.

Uchunguzi ninaoupenda ni miwili. Wa kwanza ulifanywa Sweden na kutolewa mwaka 2011, watoto 400 wa miezi kamili, nusu wakikatwa ndani ya sekunde 10 na nusu wakingojewa dakika tatu. Walipofika miezi minne, upungufu wa chuma ulionekana kwa watoto karibu 6 kati ya 100 waliokatwa mapema, na kwa waliongojewa hata 1 kati ya 100 hakufika. Watoto haohao walipotimia miaka minne, waliongojewa walikuwa wazuri zaidi kidogo katika kazi za vidole, kama kushika kalamu, hasa wavulana. Kidogo, nasema, asikudanganye mtu kwamba dakika tatu zinazaa profesa.

Lakini Sweden ni Sweden. Wana nyama, hawana malaria. Wa pili ulifanywa Nepali, watoto 540, ukatolewa mwaka 2017, na huo unatufanana zaidi kwa sababu watoto wengi kule wana upungufu wa damu kama wetu. Miezi minane ilipofika, waliokatwa mapema 82 kati ya 100 walikuwa na upungufu wa damu; waliongojewa, 73. Tazama nambari hizo vizuri. Kungoja kulisaidia, na bado 73 walikuwa wagonjwa. Kitovu hakitoshi peke yake. Mwana wangu wa kwanza akiwa na miezi minane viganja vyake vilikuwa vyeupe kama karatasi, tukapewa dawa ya maji ya chuma kliniki, nami siwezi kuapa kwamba ni kitovu, kwani mimi mwenyewe nilikuwa naziruka zile tembe za chuma na foliki nilizopewa wakati wa mimba, zikinichafua tumbo. Tena tulikuwa tukimwonjesha chai. Jamani, chai! Mahamri na chai kwa mwana wa miezi saba, tukiona tunamdekeza, kumbe chai inazuia chuma kuingia mwilini. Wa pili tulimpa dengu, mchicha na samaki, chai akaisubiri.

Wanaotetea kukata mapema wanasemaje

Wana hoja, na zamani zilikuwa za kitabuni. Kwa miaka mingi kukata kitovu haraka kulikuwa sehemu ya utaratibu wa kuzuia mama kutokwa na damu nyingi: sindano ya oksitosini, kubana kitovu, kuvuta zalio taratibu. Vitu vitatu kwa pamoja, vikafundishwa kwa pamoja. Baadaye vilipopimwa kimoja kimoja ilionekana kwamba kinachomwokoa mama ni sindano. Uchambuzi wa mwaka 2013 uliokusanya majaribio 15 na wanawake 3,911 haukuona tofauti ya utokaji damu kwa mama baina ya kukata mapema na kungoja. Kwa hivyo sindano ya paja, yuniti 10, unapigwa palepale mwana akishatoka, na kitovu kinaendelea kupiga zake. Hazigombani. Sista aliyefundishwa miaka ya zamani huenda akakwambia vinginevyo. Hasemi uongo, anasema alichofundishwa.

Hoja ya pili ni umanjano, na hii ina ukweli. Damu nyingi zaidi maana yake ni chembe nyingi za kuvunjwavunjwa, na zikivunjika hutoa ile rangi ya manjano. Katika uchambuzi uleule, waliohitaji kuwekwa chini ya taa ya buluu inayotibu manjano walikuwa chini ya 3 kati ya 100 kwa waliokatwa mapema, na zaidi kidogo ya 4 kwa waliongojewa. Ni tofauti ndogo, lakini wewe unayekaa mbali na hospitali usiipuuze. Mwana wangu wa pili alipata manjano siku ya tatu, macho na uso. Tulimrudisha, akapimwa, tukaambiwa anyonyeshwe sana na arudi kesho yake. Ikaisha bila taa. Ukiona manjano siku ileile ya kwanza, au imefika kwenye nyayo, au mwana halali wala hanyonyi sawasawa, mpeleke hata kama ni usiku. Na lile jua la asubuhi tunalowaanikia watoto barazani halishiki nafasi ya taa.

Kuna hoja ya tatu ambayo haiandikwi vitabuni: sista mmoja, wanawake wanne wa kuzaa, usiku. Dakika tatu kwake ni nyingi. Sina ubishi na hilo, ila najua pia kwamba wakati wa kungoja mwana hufutwa, hukaushwa na kufunikwa juu ya kifua cha mama, na hayo yangefanywa tu. Zamani ilisemwa lazima mwana ashikwe chini, usawa wa njia aliyotokea, ili damu iteremke. Majaribio ya Argentina yaliyotolewa mwaka 2014 yalionyesha kwamba akiwekwa tumboni au kifuani kwa mama anapata karibu kiasi kilekile. Basi hakuna wa kusimama ameshika mtoto mikononi.

Lini usingoje

Karibu mtoto mmoja kati ya kumi huhitaji msaada fulani ili aanze kupumua. Akikaushwa, akisuguliwa mgongo, na bado hapumui, sista atabana, atakata na kumpelekea hewa kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika ya kwanza. Hapo usimwambie angoje. Vilevile mama akitokwa na damu nyingi, zalio likibanduka kabla ya wakati, au kitovu kikichanika. Mapacha wanaotumia zalio moja nao hawaingii katika hesabu hii. Hilo ni la daktari wako. Mama mwenye virusi vya Ukimwi, kinyume na wengi wanavyodhani, anangojewa kama wengine.

Kwa mtoto njiti kungoja kuna uzito zaidi, si mdogo. Uchambuzi wa mwaka 2023 wa watoto zaidi ya 3,000 waliozaliwa kabla ya wiki 37 uliona kwamba waliokufa kabla ya kutoka hospitali walikuwa kama 6 kati ya 100 kwa waliongojewa, na kama 8 kati ya 100 kwa waliokatwa papo hapo. Ukizaa kwa upasuaji pia inawezekana. Daktari hungoja mwana akiwa kwenye mapaja yako chini ya kitambaa safi, japo mara nyingi muda huwa mfupi. Uliza kabla ya kuingia chumbani, si ukiwa umelala na taa zimekuwakia usoni.

Njia nyingine utakazozisikia

Kuna kukamua kitovu: badala ya kungoja, unakishika na kuisukuma damu kwa vidole kuelekea kwa mwana. Inaonekana ni njia ya mkato nzuri, lakini jaribio moja kubwa lililotolewa mwaka 2019 lilisimamishwa kwa watoto wa chini ya wiki 28, kwa sababu waliokamuliwa walitokwa na damu ya hatari kichwani, 22 kati ya 100 dhidi ya 6 waliongojewa. Kwa njiti wadogo, hapana. Kuna kutokikata kabisa, zalio likae na mwana mpaka lijiangukie. Nyama iliyokufa katika joto letu hili, mwenye akili aamue. Na kuna kuhifadhi damu ya kitovu kwa malipo, huko ughaibuni wanatangaza sana: damu inayowekwa chupani ndiyo ileile ambayo mwana angeipata.

Kuzika zalio hakuhusiki. Lingojewe lisingojewe, ukiliomba utapewa ukalizike unapotaka.

Wifi, kwa kuwa uko Kizingitini

Hili sikuliweka kwenye sauti niliyokurudishia, na ndilo lililonikaa moyoni, kwa sababu kusi likichafuka safari ya kuja Amu haina saa. Ukizaa ndani ya boti, uamuzi wa kukata au kungoja umeshafanywa: msikate. Nahodha ana kisu cha samaki na atataka kusaidia; mshukuru, kisu akirudishe. Kitovu kisichokatwa hakimdhuru mwana kwa saa moja au mbili za safari, bali chombo kichafu kinaweza kumletea pepopunda, na hiyo inaua. Mwana akaushwe kwa kanga safi, asuguliwe mgongo, awekwe kifuani kwako ngozi kwa ngozi, kichwa kifunikwe, upepo wa bahari ni baridi kwake. Umnyonyeshe kama anataka. Kunyonya kunasaidia mji wa uzazi kubana. Zalio likitoka liwekeni katika mfuko safi, likae kando yake usawa wake, msilivute likichelewa. Kitovu kitakatwa hospitali kwa mkasi uliochemshwa. Na sindano ya pepopunda kliniki usiiruke, hata ukisikia mkono utauma.

Nyumbani baada ya hapo, kitovu hupakwa ile jeli ya kuua vijidudu, klorheksidini, inayotolewa na kliniki au huachwa kikavu na kisafi. Si majivu, si mate, si mafuta ya nazi ya mavyaa.

Namna ya kuomba

Usingoje uchungu ukushike, maana wakati ule hata jina lako utalisahau. Sema kliniki, mwezi wa nane wa mimba, na mwombe sista akuandikie kwenye kile kijitabu cha mama na mtoto. Halafu mwambie atakayekusindikiza, kwa sababu yeye ndiye atakayekuwa na akili wakati wewe huna. Mimi nilisema hivi, kwa adabu: "Sista, mwana akitoka analia, nakuomba usibane kitovu mpaka zipite dakika tatu. Akiwa hapumui vizuri, fanya unavyojua wewe." Hiyo sehemu ya pili ndiyo iliyomlainisha. Alijua sikuja kumfundisha kazi.

Akikwambia dakika tatu hawezi, zamu ni nzito na wazazi ni wengi, usigombane. Muombe moja. Kati ya zile mililita 100, 80 huingia katika dakika hiyo ya kwanza.